Bandi Shingoni

Ile kola iliyompa jina haikuzaliwa na ubunifu. Ilizaliwa na kioo.

Chumba cha kupimia nguo kilikuwa nyuma ya duka, upana wake hatua nne, na kioo kilifunika ukuta mzima. Kwa miaka mingi fundi alipiga magoti mbele ya kioo hicho, pini sita mdomoni, akipanga upindo wa gauni la mwanamke aliyesimama juu ya kibao. Fundi anayepanga upindo huinamisha kichwa. Na siku moja, akiwa na miaka hamsini na miwili, aliinua macho bila kuinua kichwa, akaona kwenye kioo kitu kinaning'inia kati ya kidevu na kifua. Akadhani ni kipande cha kitambaa kimemgandia. Akapeleka mkono akiondoe.

Hakikuondoka. Kilikuwa chake.

Hakulia. Fundi akiona kitambaa kimezidi halii, anatafuta pa kukificha. Jioni hiyo hiyo alikata kola ya kuvaliwa peke yake juu ya nguo yoyote, ambayo hakuna kitabu cha mitindo kilichowahi kuionyesha: imesimama nyuma, mbele imepanda mpaka karibu na kidevu, pembe zake mbili zimepinda nje kama midomo ya mtu anayetaka kubusu. Ndani akatia kitambaa kigumu ili isilale. Kesho yake akaivaa, na mteja wa kwanza kuingia akasahau hata salamu.

"Fundi, hiyo kola! Na mimi nishonee."

Akamshonea. Na mwingine. Na mwingine. Mwaka haukuisha, ikawa ukipita mtaani unakutana nayo kila kona: muuza dawa kavaa, karani wa benki kavaa, bibi harusi mmoja akaolewa nayo. Fundi akaitwa Fundi Kola, jina likamganda, na hakuna aliyejua kwamba mtaa mzima ulikuwa umevaa maficho ya mtu mmoja.

Kola ya pili kabisa kutoka mkononi mwake, aliyoitanguliza kabla ya za wateja, hakuiuza. Alimpa mdogo wake siku ya kuzaliwa, ya buluu iliyokolea, yenye vifungo vinne vyeusi. Mdogo wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa kauli fupi na hatua ndefu. Tangu utoto ndugu hao wawili walifanana sura mpaka watu wakawachanganya, na uzeeni wakafanana shingo, ile shingo ya mama yao inayoanza kuteremka mapema. Mwalimu aliipenda kola ile kupita kiasi. Akataka ya pili, ya tatu, mpaka zikafika saba. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Twiga, naye badala ya kukasirika akatembea shingo juu zaidi.

Miaka sita ikapita hivyo.

Kisha mteja mmoja akaleta koti lipunguzwe, na mfukoni akasahau karatasi ya kliniki, imekunjwa mara nne. Fundi Kola aliikunjua kwa sababu mkono wa fundi haupiti kitu kilichokunjwa. *Taya na shingo iliyolegea: njia za kukaza.* Akaisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Mambo ya mashine hakuyaelewa, ya sindano aliyaelewa nusu, lakini katikati ya karatasi kulikuwa na neno moja lililomshika na kumkalisha: *nyuzi*.

Nyuzi! Nyuzi gani? Za pamba au za hariri? Unene gani? Na wanaanzia wapi, fundo wanalificha wapi? Swali lilimkaa kichwani kama wimbo wa tangazo. Alishona akilifikiria, akala akilifikiria. Wiki ya tatu akapiga simu akapewa siku, na akamwambia mdogo wake.

"Naenda kuuliza tu," alisema.

"Kuuliza nini?" Mwalimu alikuwa juu ya kibao, anapimwa sketi. "Unajua umri wako, kioo unacho. Swali liko wapi hapo?"

"Nataka kujua wanatumia uzi gani."

"Dada, mtu mzima na akili zake haendi kwa daktari kuuliza uzi."

"Geuka."

Mwalimu akageuka. "Wewe nenda. Lakini nakuja na wewe, maana nakujua, ukiingia dukani kuuliza bei unatoka na jora zima."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Chumba cha kusubiri kilinukia sabuni ya kuoshea mikono. Kulikuwa na viti vyeupe, tangi la samaki lenye samaki mmoja mnene asiyetaka kusogea, na ukutani picha kubwa ya msichana mwenye taya kama limechorwa kwa rula.

Mwalimu akaitazama picha ile kwa jicho la kusahihisha insha. "Huyu hajafika hata ishirini. Wamemtibu nini, utoto?"

"Punguza sauti."

"Na huyo samaki naye kafanyiwa? Mwone shavu."

Fundi Kola alikuwa anajizuia kucheka mlango ulipofunguliwa na daktari akawaita wote wawili. Alikuwa binti mdogo wa mwili, miwani mikubwa, koti jeupe ambalo mikono yake ilizidi kwa vidole viwili. Fundi aliona mikono ya koti kabla hajaona uso.

Walipoketi, daktari akaanza maelezo. Maneno yalimtoka marefu, magumu, ya kigeni, moja linamkanyaga lingine, na kila alipomaliza sentensi alisema "sawa mama?" bila kusubiri kujua kama ni sawa. Fundi Kola akavumilia dakika tatu. Ya nne akainua mkono.

"Daktari mwanangu. Hiyo lugha uliyosomea naiheshimu, lakini shingo ni yangu, na shingo yangu inasikia Kiswahili. Mimi ni fundi cherehani. Nieleze kama unavyomweleza mtu anayejua nguo."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Wengine wangekasirika; huyu akavuta kiti mbele, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa fumbo analolipenda.

"Nguo," alisema. "Haya. Ngozi ndiyo kitambaa cha nje."

"Sawa."

"Chini yake kuna mafuta."

"Pamba ya kujazia."

"Chini ya mafuta kuna msuli mpana, mwembamba, umetandazwa kutoka taya mpaka kifuani."

"Bitana."

"Bitana! Na chini ya vyote, mfupa."

"Hanga." Fundi Kola akasogea pembeni ya kiti. "Sasa niambie, kilicholegea kwangu ni kipi? Maana nguo ikining'inia vibaya usianze na mkasi. Kwanza ujue kosa liko kwenye kitambaa, kwenye bitana, au kwenye hanga."

"Hicho ndicho ninachotaka kukitazama," alisema daktari, na akacheka kwa mara ya kwanza. "Naomba ufungue kola."

Hapo mkono wa Fundi Kola ukasita kwenye kifungo. Miaka sita hakuna mtu aliyemwona bila kitu shingoni, hata mdogo wake. Akafungua. Hewa ya chumba ikampiga kwa ubaridi pale palipofichwa muda mrefu.

Daktari akaibana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia, akahesabu kimoyomoyo inachukua muda gani kurudi. Fundi akamfuatilia kwa makini, maana ndivyo yeye mwenyewe anavyokibana kitambaa dukani kabla ya kukinunua. Daktari akamwambia auvute mdomo chini kwa nguvu, kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Kwenye kioo kidogo cha mkononi Fundi akaona kamba mbili zimesimama wima shingoni mwake.

"Hizo nini?"

"Kingo za bitana. Katikati zimeachana."

"Zimefumuka!"

"Zimefumuka. Mafuta si mengi. Ngozi imezidi. Na hapa kwenye taya," akapitisha kidole, "mashavu yameteremka yakaukalia mstari wa taya, ndiyo maana hauonekani."

Mwalimu, aliyekuwa amekunja mikono kifuani kama yuko gwaride, alikunjua mmoja, taratibu, akajibana shingo juu ya kola yake. Akaona anatazamwa. Akaukunja tena.

Daktari akazitaja njia. Ya kwanza mashine: inapeleka mawimbi ya sauti chini ya ngozi, yanapasha joto, na kwa miezi kadhaa ngozi inajikaza.

"Pasi," alisema Fundi. "Kama unavyopiga pasi ya maji kwenye sufu iliyopwaya, ikarudi. Lakini inarudi kidogo. Vidole viwili vya kitambaa huvimalizi kwa pasi."

"Wewe una zaidi ya vidole viwili," alisema daktari kwa upole.

"Sema tu, mwanangu, mimi naviona. Endelea."

Ya pili, sindano ya kuyeyusha mafuta chini ya kidevu.

"Unatoa pamba na kitambaa unakiacha vilevile? Si kitazidi kupwaya?"

"Kwako, ndiyo. Hiyo inamfaa mwenye ngozi inayorudi haraka."

"Haya. Tuje kwenye uzi." Fundi Kola akaweka viganja vyote viwili mezani. Swali la wiki tatu lilikuwa limefika kituoni.

Daktari akafungua droo akatoa pakiti ndogo. Ndani kulikuwa na uzi wa rangi ya maji, na juu ya uzi vimiba vidogo, vimeelekea upande mmoja. Fundi akaushika. Akauvuta. Akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akausogeza jichoni mpaka kope zikagusa, akapitisha ukucha kwenye vile vimiba.

"Unaingia na sindano, unapita chini ya ngozi," daktari alieleza, "vimiba vinashika, unavuta kuelekea sikioni, ngozi inapanda. Nusu saa, umemaliza. Uzi wenyewe unayeyuka baada ya miezi."

"Unayeyuka?"

"Unayeyuka wenyewe."

"Na mshono unakuja lini?"

"Mshono upi?"

"Ule wa kweli."

Daktari akamtazama. "Hakuna mwingine, mama. Ndio huo. Ukiyeyuka unaacha ugumu kidogo unaosaidia, halafu baada ya mwaka hivi, mwaka na nusu, hali inarudi."

Fundi Kola akaurudisha uzi kwenye pakiti, kwa heshima, kama anayemrudishia mtu picha ya harusi isiyopendeza.

"Hiyo ni bandi," alisema.

"Ni nini?"

"Bandi. Hulijui neno? Nguo kabla hujaipitisha cherehani, unaishika kwa mishono mikubwa mikubwa ya mkono, mteja aijaribu, aone itakavyokaa. Ile ndiyo bandi. Nzuri sana. Ina kazi yake. Lakini nguo haitoki dukani na bandi, mwanangu. Mtu akiinama tu, imeachia."

Daktari akachukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi yake, kwa herufi kubwa: BANDI. Akapigia mstari.

"Miaka minne natafuta namna ya kuwaeleza watu," alisema. "Mwenye kulegea kidogo, anayetaka kujaribu, bandi inamfaa. Wewe haikufai. Kwako ni kufungua. Nyuma ya sikio na chini ya kidevu. Bitana naishona katikati ilipofumuka, naivuta pembeni, ngozi iliyozidi naipunguza, nafunga."

"Kupunguza nguo kwa mshono wa pembeni."

"Hasa. Lakini sikufichi: hiyo ni operesheni. Dawa ya usingizi, saa tatu au nne. Utavimba, utakuwa na rangi ya biringani wiki mbili. Masikio yatakuwa na ganzi miezi. Damu inaweza kujikusanya ikabidi turudi ndani. Kuna mshipa wa fahamu wa pembe ya mdomo, ukiguswa, kucheka kunaenda upande, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Na hutakuwa na miaka ishirini. Utakuwa wewe, umepigwa pasi."

Fundi Kola alisikiliza yote hayo kama anayesikiliza bei ya kitambaa kizuri. Hakupepesa. Ndipo daktari, kalamu mkononi, akauliza swali la kawaida, swali wanaloulizwa wote, lililokuwa kwenye fomu.

"Jambo hili limekusumbua kwa muda gani?"

Na Fundi, akili yake yote ikiwa bado kwenye bitana iliyofumuka, akajibu bila kulipima neno.

"Miaka sita. Tangu niliposhona kola ya kwanza kuifichia."

Mwalimu akakunjua mikono yote miwili.

"Kola ipi?" aliuliza Mwalimu.

Fundi Kola akageuka, kwa kuchelewa.

"Kola ipi, dada? Hii?" Mwalimu alishika pembe zote mbili za kola ya buluu iliyokolea, vifungo vinne vyeusi, imefuliwa mpaka imepauka kwenye kingo. "Hii uliyoniletea siku yangu ya kuzaliwa? Imefungwa utepe?"

"Ngoja nikueleze."

"Miaka sita nasimama mbele ya shule nzima, nadhani nimevaa fasheni. Kumbe nimevaa tangazo la shingo mbovu!"

"Hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua! Ulinitazama ukaona kitu kibaya, ukakifunika, ukafunga na utepe. Hukuniuliza. Hukuniambia." Alisimama. "Daktari, samahani kwa kelele." Na akatoka, na hatua zake ndefu zikasikika ngazi zote tatu mpaka kwenye vigae.

Daktari akasubiri. Akashusha sauti. "Mama, siku ya operesheni lazima uje na mtu. Akurudishe nyumbani, alale kwako siku mbili za mwanzo. Bila mtu, sikupokei."

Watoto wake walikuwa wawili, kila mmoja ng'ambo ya mpaka wake. Mumewe alishazikwa. Mtu aliyekuwa naye ndiye huyo aliyeshuka ngazi, na jioni akamtumia karatasi ya masharti aliyopewa na daktari.

Siku nne baadaye Mwalimu alikuja dukani. Hakusalimu. Aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya kukatia, kando ya chaki, akaondoa mkono. Ndani mlikuwa na kola saba, zimepigwa pasi, zimekunjwa moja moja. Leo shingo yake ilikuwa wazi, na alikuwa ameibeba kama anayebeba bango kwenye maandamano.

"Tazama," alisema. "Kila mtu aitazame. Sina cha kuficha."

"Hujambo kwanza."

"Sema samahani, nitakuja kulala kwako hizo siku mbili, na supu nitakupikia. Usiposema, tafuta mtu mwingine."

Neno lilikuwa fupi, silabi nne, na Fundi Kola alishalisema mara elfu kwa wateja kwa makosa ya maana zaidi: zipu iliyokatika, gauni lililochelewa harusi. Akafungua mdomo alitoe. Macho yake yakaangukia kola ya buluu, juu ya rundo. Akaona mshono wa ndani alioushona kwa mkono, mishono kumi na minne kwa kila inchi, kwa sababu shingo ya mdogo wake huwashwa na uzi wa mashine. Neno likarudi lilikotoka.

"Haitoki," alisema, naye akashangaa kujisikia.

"Haitoki?"

"Nimejaribu umeniona. Haitoki."

"Basi twende kwa mama," alisema Mwalimu. "Akuambie yeye."

Mama yao aliishi na Mwalimu, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na walimkuta kitandani anacheza karata peke yake na kujiibia. Shingoni alikuwa na kitambaa chake cha kijani. Kitambaa hicho, au kaka yake, kilikuwa shingoni hapo tangu mabinti wakiwa wasichana, jua na mvua, kwa sababu ya koo. Mama ana koo. Kila mtu alijua mama ana koo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mwalimu, na akamwaga yote: kliniki, uzi, kola, utepe. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mbele ya wazazi. "Na sasa anataka kuikata shingo. Shingo yako, mama! Tuliyorithi kwako. Mwambie aniombe radhi mimi, na wewe akuombe."

Mama aliweka chini karata. "Wanaikata wapi?"

"Nyuma ya sikio," alisema Fundi Kola.

"Wanavuta?"

"Wanashona kwanza ndani. Katikati imefumuka."

"Ala!" Mama akajishika shingo kupitia kitambaa. "Yangu nayo imefumuka?"

"Mama!" Mwalimu alipiga kelele.

"Nauliza tu. Mtu haruhusiwi kuuliza?" Na akaanza kufungua kitambaa cha kijani. Vidole vilikuwa vizito, fundo gumu. Fundi Kola akamsaidia. Shingo iliyotoka ilikuwa laini, nyeupe nyeupe kwa kutoona jua, imeteremka mikunjo mikunjo kama pazia lililofungwa pembeni. Wote watatu wakaitazama, hata mwenyewe, kwa kioo cha kabati.

"Vaa, mama, koo lako," alisema Mwalimu, na sauti yake imelegea.

"Koo gani?"

"Koo lako. Linalouma."

Mama akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayejiuliza kama aliwalea wajinga. "Halijawahi kuuma hata siku moja. Nilikuwa naficha hii. Nikawaambia koo, na nyie mkaamini, mkanipikia maji ya tangawizi asubuhi na jioni miaka kumi na saba. Nilikuwa naichukia tangawizi! Nikinywa huku nalia, mkasema maskini, koo linamtesa."

Fundi Kola alianza kucheka. Alicheka mpaka akakalia karata. Mwalimu alibaki amesimama katikati ya chumba, mkono mdomoni, na haikujulikana kama anacheka ama analia mpaka alipoongea.

"Kwa hiyo kila mtu kwenye nyumba hii alikuwa anaificha, isipokuwa mimi."

"Wewe ulifichiwa," alisema mama. "Una bahati."

"Na akishaikata yeye, nitabaki nayo peke yangu. Tukipigwa picha, watu watasema huyu ni mama yake."

Hapo ndipo Fundi Kola alipoacha kucheka. Kumbe jambo halikuwa kola tu.

"Peke yako?" Mama alikuwa anavuta karata kutoka chini ya binti yake mkubwa. "Mimi nimekufa? Hebu ondoka kwenye malkia wangu."

Siku ya operesheni Mwalimu alikuja saa kumi na mbili asubuhi, na mkoba na chupa ya chai. "Sijasamehe," alisema mlangoni. "Nimekuja kwa sababu ya ile karatasi ya daktari. Sheria ni sheria."

Alilala siku tano badala ya mbili. Alimlisha dada yake supu kwa kijiko, akampangia mito, akamwandikia ratiba ya dawa kwa chaki nyekundu ukutani. Fundi Kola alikuwa amefungwa bendeji kuanzia utosini mpaka chini ya kidevu, uso umevimba, rangi ya biringani kama alivyoahidiwa. Kucheka kulimuuma, na mdogo wake alilijua hilo, akamsimulia habari za tangawizi kila siku.

Wiki ya tatu walikuwa dukani, milango imefungwa nusu. Bendeji sasa alikuwa anaivaa kwa kulala tu. Mwalimu akavaa miwani ya kusomea, akamkalisha chini ya taa, akamgeuza sikio kama anayekagua daftari.

"Ndio huu tu?"

"Ndio huo."

"Karibu hauonekani." Akasogeza pua. "Aliyeshona hapa hana haraka."

"Nilimwambia. Nikamwambia pia mikono ya koti lake ailete niipunguze, ameshaileta." Fundi Kola akaligusa sikio lake, akashangaa tena kutolisikia. "Nilimuuliza uzi ni namba gani. Akaniambia. Mwembamba kuliko wa hariri, mdogo wangu. Sindano yake imepinda kama ukucha wa paka. Nikaomba aniachie moja, akakataa."

Wakaingia chumba cha kupimia. Mwalimu akapanda juu ya kibao na sketi mpya, Fundi akapiga magoti na pini sita mdomoni, akainamisha kichwa. Akasita. Kisha akainua macho bila kuinua kichwa, kama siku ile.

Aliona taya lake. Halikuwa la rula; upande wa kushoto bado ulikuwa na uvimbe, na chini ya kidevu kulikuwa na mstari mwekundu mfupi. Shingo ilikuwa ya mwanamke wa miaka hamsini na minane anayefanya kazi ameinama. Ila ilikuwa imekaa. Alipinda huku, akapinda kule, akijichungulia kama anavyochungulia nguo ya mwenzake aliyeshona vizuri, akitafuta kasoro na kutamani asiipate.

Juu yake, kwenye kioo hichohicho, Mwalimu naye alikuwa anajitazama. Alikuwa amevaa kola ya buluu. Aliitoa mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, asubuhi ile, bila kusema neno.

"Ile bandi," alisema Mwalimu, macho kwenye kioo. "Kwa mtu ambaye hajalegea sana. Anayetaka kujaribu tu. Daktari alisema inamfaa, si ndiyo?"

"Alisema inamfaa."

"Nauliza tu."

"Najua unauliza tu. Nitakuja na wewe, usije ukatoka na jora zima."

Mwalimu akaminya midomo asicheke. Akainyoosha pembe moja ya kola, kisha ya pili. "Hii nimeivaa kwa sababu naipenda. Si kwa sababu ya kuficha. Tuelewane."

"Tumeelewana."

"Ila hujasema samahani. Nimelala kwako siku tano, nimekulisha kama mtoto. Sema sasa, tumalize."

Fundi Kola akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Alikuwa bado amepiga magoti, kidevu kimeinuka, shingo wazi mbele ya kioo na mbele ya mdogo wake.

"Nilikupima mara tatu umelala kwenye kochi, usijue," alisema. "Nikaishona kwa mkono, siku mbili, isikuwashe. Imekukaa miaka sita na leo bado imekukaa. Siombi radhi. Geuka nione nyuma."